Nani Alisema Injini Baridi Ndiyo Salama?

Asubuhi ya Julai, Dodoma, barabara ya Mtumba, Nzuguni nimeshaiacha nyuma. Jua limetoka lakini ni la kutazama tu. Upepo unalipiga gari ubavuni, na bodaboda walio mbele yangu wamejifunika makoti mpaka puani. Mwendo wangu ni 80 hivi, njia nyeupe, mara naona kitu kimewaka kwenye dashibodi.

Taa ya bluu.

Vitz yangu haina mshale wa joto. Ina taa mbili tu: ya bluu, inayokwambia maji ya injini bado ni ya baridi, na nyekundu, inayokwambia umechelewa. Ile ya bluu ilikuwa imeshazimika nikiwa bado kwenye foleni za mjini. Sasa imerudi. Nimekanyaga mafuta, injini imefanya kazi, na bado gari linasema limepoa kuliko lilivyokuwa mjini.

Ingewaka nyekundu ningesimama palepale. Ya bluu niliiangalia, nikaongeza sauti ya redio, nikaenda zangu kazini.

Lakini haikuniacha. Wiki zilipita, kila nikishika usukani macho yanaenda kwenye ile taa kwanza, barabara baadaye.

## Baridi yetu hii

Watu wa Makete na Njombe, ambao kuna asubuhi wanaamka na kukuta majani yamefunikwa na sakitu, wana haki ya kucheka Dodoma ikijitia kuona baridi. Hata hivyo mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikikaza, alfajiri za Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Jumlisha na ule upepo, utavaa sweta bila aibu. Kwa hiyo jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi: ni baridi. Msimu huu kila kitu kinachelewa kupata moto.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori njia ya Singida mpaka akastaafu, aliafiki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza habari ya taa.

"Binti yangu, gari isiyochemsha ndiyo gari," alisema. "Wenzio wanalia gari zinachemsha, we unalia gari imepoa! Shukuru Mungu. Halafu asubuhi uwe unaipasha kabla hujatoka."

Yeye anapasha. Noah yake huwashwa kukiwa bado kiza, ikanguruma hapo getini mpaka chai yake iive, na moshi wote unaingia jikoni kwangu. Nimeishi na moshi huo kwa heshima. Mzee ni mzee.

## Kupasha, na mwisho wa kupasha

Nilianza na hilo la kupasha kwa sababu lilikuwa rahisi kulifuatilia.

Mzee hakulizua. Lori la breki za upepo huwezi kuliwasha na kuondoka. Lazima injini izunguke mpaka mitungi ijae upepo, la sivyo huna breki. Na magari madogo ya enzi zake yalikuwa ya kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Kabureta haijui kama nje kuna baridi, hivyo dereva alivuta choki ili petroli iingie kwa wingi, akasubiri injini itulie. Asiposubiri, inamzimikia kwenye kona ya kwanza. Kizazi kizima cha madereva kilijifunza kusubiri, na kilikuwa sahihi.

Magari tunayoendesha sasa ni ya EFI, yaani petroli inapulizwa kwa amri ya kompyuta. Kuna sensa inayopima joto la maji na kuipa kompyuta taarifa, na kompyuta ndiyo inayovuta choki, kwa namna ya kusema. Unawasha, unaipa oili nusu dakika ipande juu, unaondoka taratibu bila kukanyaga kwa hasira. Injini inayonguruma imesimama haina mzigo, na injini isiyo na mzigo hutoa joto kidogo. Ukiiendesha polepole inapata moto mapema kuliko ukiiacha getini.

Huko kwenye baridi yenyewe, Kanada au kaskazini mwa Ulaya, ambako usiku joto linaweza kushuka chini ya sifuri kwa nyuzi 25 au zaidi, watu huchomeka hita ya injini kwenye umeme wa nyumba usiku kucha ili oili isiwe nzito kupindukia asubuhi. Sisi hatujafika huko, na kwa rehema za Mungu hatutafika.

Basi la kupasha nikaliweka kando. Mzee sikumwambia kitu.

## Hesabu iliyokataa

Kilichonitoa kwenye jibu la baridi ni jambo dogo la akili ya kawaida, na nashangaa lilivyochelewa kunijia.

Baridi inaweza kuichelewesha injini kupata moto. Sawa. Lakini hewa ya nyuzi 14 itawezaje kuipoza injini iliyokwisha kupata moto, ikiwa bado inachoma petroli? Ndani ya silinda, pale cheche inapopiga, gesi inafika zaidi ya nyuzi 2,000. Joto lipo tele. Likipotea, kuna mtu au kitu kinalichukua haraka kuliko inavyotakiwa.

Nikaanza kuitazama taa mchana.

Saa nane, jua la Dodoma liko kichwani, lami inameremeta, na taa ya bluu inachelewa kuzimika vilevile. Nikitoka nje ya mji nikaongeza mwendo, hiyo inarudi. Kipupwe hakikuwa na hatia. Kilichofanya ni kuniongezea dakika chache za kuitazama.

Ndipo vitu nilivyokuwa nimevizoea vikaanza kujipanga. Sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, iko juu hata baada ya safari ndefu. Eksozi inanuka petroli mbichi. Gia ya mwisho inachelewa kuingia, maana magari mengi ya otomatiki huizuia mpaka injini ipate moto. Mafuta yanaisha kabla ya siku zake, na mimi nikawa nalaumu foleni, kana kwamba Dodoma ina foleni za Ubungo. Nikabonyeza hata kitufe cha hita, kile ambacho kanda hii hakuna mtu anayekigusa. Kwa gari lililotembea mwendo mrefu kilipaswa kunichoma vidole. Kilipuliza hewa ya uvuguvugu.

Rafiki mmoja akaniazima kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachotuma taarifa za injini kwenye simu. Mjini, maji yalijikongoja kuelekea 70. Barabara ikifunguka, yakashuka, hata 50 hayafiki.

Injini hii inataka kufanya kazi kati ya 80 na 95.

## Ndani hamna kitu

Kijana wa gereji alifungua nati mbili, akavuta kile kifuniko mpira mkubwa wa rejeta unapoishia, akaingiza kidole.

"Dada, hapa hamna kitu. Thamostati ilishatolewa."

Yaani kile kilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta, yanakopozwa, mpaka injini ipate moto. Kijana hakushangaa hata kidogo. Gari nimelinunua mkononi kwa mtu, kwa hiyo nani aliitoa na lini, sijui. Nikamuuliza ni kawaida hiyo?

"Mi mwenyewe naitoa kila siku. Mteja kaja gari inachemsha, unatoa, anaondoka. Hiyo kitu ni ya Ulaya, ya kwenye barafu. Hapa siyo Ulaya."

Nilirudi nyumbani na hiyo sentensi. Hapa siyo Ulaya. Ina nguvu kwa sababu mara nyingi ni kweli. Vitu vingapi tunaletewa visivyojua vumbi letu, maji yetu, wala matuta yetu. Ningekuwa sijaona namba kwenye simu ningeikubali nikalala.

Lakini Vitz yenyewe haikutoka Ulaya. Imetoka Japani, nchi yenye Hokkaido inayofunikwa na theluji miezi kadhaa na Okinawa ambako theluji ni muujiza. Thamostati imo kwenye magari ya kote kuwili. Ingekuwa ya barafu, wa Okinawa wangeshaitupa zamani.

## Nta

Kinachofanya kazi mle ni nta. Chombo kidogo cha shaba nyeupe au njano, ndani kimejazwa nta maalumu. Maji yakiwa ya baridi, nta ni ngumu, mlango umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake bila kwenda kwenye rejeta. Yanapata moto upesi. Yakifika kama nyuzi 82, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti, mlango unafunguka na rejeta inaanza kazi. Joto likipungua, nta inaganda, springi inarudisha mlango. Hakuna umeme wala kompyuta. Mtindo huu wa nta ulibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani miaka ya 1930, na hadi leo uko karibu kila gari linalopita mbele yako.

Ukiitoa, maji yanapita rejeta kuanzia unapowasha. Kwenye barabara iliyonyooka, upepo wa Dodoma ukisaidia, rejeta inafanya kazi yake vizuri mno, na injini haifiki inakotaka kufika. Sensa inaiambia kompyuta kuwa bado ni alfajiri. Kompyuta, kwa utiifu wake, inaendelea kumimina petroli ya alfajiri saa nane mchana.

Petroli ya ziada haipotei hivi hivi. Nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda, nyingine inashukia kwenye oili yenyewe na kuifanya nyepesi. Mvuke wa maji unaozalishwa na kuungua, ambao injini ya moto ingeufukuza, unabaki humo na kutengeneza uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Plagi zangu zilipofunguliwa zilikuwa nyeusi. Juu ya hayo, gereji nyingi zinaweka oili ya 20W-50 kwenye injini ndogo iliyoundwa kwa 5W-30, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, oili iwe nzito. Oili nzito ndani ya injini isiyopata moto! Mtu angekusudia kuichosha asingefanya vizuri zaidi.

Kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Kwenye injini nyingi thamostati ina kisahani cha pili, kinachoziba ile njia ya ndani maji yakishapata moto, ili yote yaelekee rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima. Barabara tambarare hutaona tofauti. Lakini panda Nyang'oro ukitokea Mtera, gari limejaa, mchana: sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuonja rejeta, na gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha kwa sababu hiyohiyo.

## Kwa nini basi wanatoa

Hapa ndipo hasira yangu kwa mafundi ilipoanza kupungua.

Chemsha maji ya bomba Dodoma kwa miezi michache, halafu tazama ndani ya birika. Ukoko mweupe. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, ni ya ardhini, yana chumvi na madini, na sisi ndiyo tunayoyamimina kwenye rejeta miaka nenda rudi kwa sababu kulanti, maji maalumu ya rejeta, ni ghali na bomba liko karibu. Ukoko ule unashika kwenye vijia vya rejeta, vyembamba kama vilivyo. Siku moja gari linachemsha. Fundi anatoa thamostati, maji yanapita kwa wingi kidogo zaidi, joto linashuka, mteja anafurahi. Rejeta iliyoziba inabaki imeziba. Funika kombe mwanaharamu apite.

Na thamostati yenyewe si malaika. Ikizeeka inaweza kukwama ikiwa imefungwa, na hapo injini inachemka dakika chache tu, gasketi ya hedi inaungua, hedi inapinda. Gharama hiyo humaliza mtaji wa mtu. Fundi akipima hatari mbili, gari linalokula mafuta na gari lililokufa Manyoni usiku, anachagua la kwanza. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Tena madukani kuna spea feki, na thamostati feki inayokwama ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Bado, kung'oa mlango kwa sababu kitasa kinakwama ni kitu unachofanya usiku huo ili ulale ndani. Mwaka wa tatu nyumba iko wazi na sasa tunasema milango ni mambo ya Ulaya, hapo tumevuka mpaka.

## Kuirudisha

Nilidhani kazi imebaki ndogo: nunua, weka, funga. Kijana wa gereji alisita.

"Naiweka. Ila ikichemsha usinilaumu, dada."

Alikuwa na hoja, na ilinikosesha usingizi. Kama iliondolewa kwa sababu rejeta imeziba, kuirudisha peke yake ni kulirudisha gari kwenye ugonjwa wake wa kwanza. Baridi ya injini ilikuwa imeficha kitu. Nikatamani kuacha. Gari linatembea, linanifikisha, linakula mafuta tu. Wangapi wanaishi hivyo? Nilikaa na uamuzi huo hadi siku nilipofungua tena kifuniko cha oili na kukuta ule uji.

Tukaenda kwa mpangilio. Rejeta kwanza: ilishushwa, ikafunguliwa, na tope la rangi ya kutu lililotoka lilimaliza ubishi wote. Kisha kifuniko cha rejeta. Hiki watu wanakidharau, lakini kwa mwinuko wa Dodoma maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko ndio unaopandisha kiwango hicho hadi karibu na 120. Springi ya kwangu ilikuwa imelegea. Kisha feni, ambayo kumbe ilikuwa imepigwa dairekti, inazunguka tangu unapowasha hadi unapozima, ikaunganishwa upya isubiri joto. Kisha kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi.

Thamostati mpya niliipima jikoni kabla ya kuikabidhi. Sufuria ya maji, kipimajoto, na thamostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Mpaka 75 imekaa kimya. Ilipokaribia 82 mlango ukaanza kuachia, na maji yalipokuwa yanatokota ulikuwa wazi kabisa. Nikaitoa, ikajifunga yenyewe. Mwanangu aliuliza kama ndiyo chakula cha jioni.

## Baada ya hapo

Taa sasa inazimika mapema na hairudi. Simu inasema 84, 86, nikisimama kwenye foleni inapanda kidogo, feni inaingia, inashuka. Sailensi imetulia. Mafuta yamepungua kuliwa, ingawa sina uhakika ni kiasi gani ni thamostati na kiasi gani ni plagi mpya na mguu wangu ambao umekuwa mwepesi tangu nianze kufuatilia mambo haya.

Haikuwa salama bila gharama. Maji yaliposhika joto lake na mgandamizo wake, mpira wa juu wa rejeta, uliokuwa unaishi raha mustarehe kwenye maji ya uvuguvugu, ulianza kutoka jasho pale kwenye klipu. Ilibidi ubadilishwe. "Si nilikwambia?" kijana alisema, na alikuwa ameniambia kweli.

Siku nilipokwenda kwa ajili ya huo mpira, aliingia jamaa na Probox inatoa mvuke, abiria ndani, wanawahi msiba Gairo. Fundi alifungua, akagusa, akanitupia jicho. Kuosha rejeta ni kazi ya siku nzima. Jamaa alikuwa anatazama saa.

Fundi akatoa thamostati.

Sikuwa na la kusema. Wakati jamaa anafunga boneti, fundi alimpa ile thamostati mkononi, akamwambia, "Ukirudi kutoka msibani pita hapa tuoshe rejeta, halafu hii tuirudishe. Usiitupe." Jamaa akaitikia sawa, sawa, huku ameshaingia gia.

Fundi akafuta mikono. "Huyo harudi," alisema. "Gari ikishaacha kuchemsha, nani anarudi?"